Nipe usiku mmoja, usinipe orodha

Mtu akiniambia anaipenda bendi fulani, mimi humuuliza: usiku upi wa onyesho lake?

Sisi wapenzi wa roki na muziki wa jadi (folk) tumezoea kupeana orodha. Bendi 10 bora, albamu 20 za lazima. Nimepewa nyingi na watu ninaowaheshimu, na karibu zote niliziacha njiani. Aliyeniteka ni rafiki mmoja aliyeniambia: tafuta Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani, Chuo Kikuu cha Cornell, tarehe 8 Mei 1977, anzia sehemu ya pili ya onyesho. Nikaanzia hapo. Besi inatembea taratibu, magitaa yanaitikiana, wimbo mmoja unaingia ndani ya mwingine bila kusimama. Ndipo nilipoelewa kwa nini watu waliifuata bendi ile mji hadi mji.

Rekodi hiyo ilizunguka mikononi mwa mashabiki miaka mingi kabla ya kutolewa rasmi mwaka 2017. Bendi yenyewe iliwaruhusu watu kurekodi, na mwaka 1984 ikawatengea wenye vinasa sauti sehemu yao ukumbini. Kanda zilikuwa za kubadilishana, si za kuuza. Naona huo ni ukarimu ambao bendi nyingi hazikuuthubutu, na ndio uliofanya usiku wa ukumbi mmoja uwe wa watu wengi zaidi.

Kwenye muziki wa jadi hoja yangu inazidi kupata nguvu. Wimbo wa jadi umepita vinywa vingi mno hata hauna nakala moja ya kusema hii ndiyo yenyewe. Kila anayeuimba anauumba upya mbele ya watu. Na watu hao wana lao la kusema. Msikilize Bob Dylan, mwimbaji wa Marekani, mjini Manchester, Uingereza, 17 Mei 1966. Sehemu ya kwanza yuko peke yake na gitaa kavu na kinanda cha mdomo, ukumbi umetulia tuli. Ya pili anarudi na bendi na magitaa ya umeme, na waliokuja kumsikiliza mwimbaji wao wa jadi wanaona wamesalitiwa. Mmoja anapaza sauti: "Yuda!" Dylan anamwita mwongo, kisha bendi inalipuka. Kwa miaka rekodi hiyo ilipita kwa jina la ukumbi usio wake, Royal Albert Hall wa London, hadi ilipotolewa rasmi mwaka 1998. Hakuna albamu ya studio iliyowahi kunisikilizisha ugomvi wa pande zote mbili namna ile.

Najua wako waliofanya makubwa studioni tu. The Beatles waliacha ziara mwaka 1966, na kazi yao ya baadaye haihitaji utetezi wangu.

Lakini ukitaka kunipa bendi, nipe tarehe, ukumbi, na ile dakika iliyokusisimua mwili. Yangu ya sasa ni The Who, bendi ya roki ya Uingereza, Chuo Kikuu cha Leeds, 14 Februari 1970. Chukua "My Generation", wimbo wa dakika 3 na kidogo walipourekodi studioni. Usiku ule wimbo ulivuka dakika 14. Zile tatu unazijua tayari. Kaa nao baada ya hapo, pale gitaa linaponyamaza, linarudi kwa upole, halafu dramu zinalifuata.