Aliyeshindwa kwa Kura na Aliyekatwa Jina

Kila unapomalizika mchakato wa kumpata mgombea urais, viongozi wa vyama vyetu nyumbani Tanzania hutoa wito uleule: makundi yavunjwe, wanachama wawe kitu kimoja, chama kwanza. Sina ugomvi na wito huo. Ninachokipinga, baada ya kuishi Marekani muda wa kutosha kushuhudia chaguzi kadhaa za ndani ya vyama vyao, ni imani kwamba makundi huvunjika kwa kuamriwa. Aliyeshindwa kwa kura zilizohesabiwa mbele yake huumia, lakini anajua ameshindwa kwa kiasi gani na nani waliomkataa. Aliyekatwa jina katika kikao cha faragha hana hesabu ya kuikubali, na wafuasi wake hubaki wakiamini kwamba wangeshinda.

Hapa Minnesota, katika kinyang'anyiro cha mwaka 2008 na kile cha 2016, wanachama wa Democratic walikutana jioni kwenye madarasa ya shule, na kila aliyefika akaandika kwenye karatasi jina la anayemtaka. Majirani waliokuwa wameweka mabango ya wagombea tofauti mbele ya nyumba zao walikaa chumba kimoja. Chuki ilikuwepo, na asiwepo wa kutudanganya kwamba wenzetu hawana makundi. Mwaka 2008 wafuasi wa Hillary Clinton waliamini kwamba ameonewa, hasa kuhusu Florida na Michigan, majimbo yaliyopiga kura mapema kinyume cha kanuni za chama na kunyang'anywa wajumbe wake wa kumpigia kura mgombea kwenye mkutano mkuu. Suala hilo lilijadiliwa tarehe 31 Mei katika kikao cha kamati ya kanuni mjini Washington, mbele ya kamera za televisheni, huku baadhi ya waliohudhuria wakipiga kelele za hasira, na uamuzi ukawa kwamba kila mjumbe wa majimbo hayo ahesabiwe nusu kura. Wiki moja baadaye Clinton alisitisha kampeni na kuwataka wafuasi wake wamuunge mkono Barack Obama. Mwishoni mwa Juni wakasimama pamoja katika mji mdogo wa Unity, New Hampshire, ambako kila mmoja wao alikuwa amepata kura 107. Mwezi Agosti, kwenye mkutano mkuu wa Denver, jina la Clinton lilipendekezwa na majimbo yakaanza kutaja kura zao, kisha yeye mwenyewe akaomba hesabu ikatishwe na Obama apitishwe kwa sauti ya wote. Baada ya ushindi akateuliwa kuwa Waziri wa Mambo ya Nje.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu mara nyingi tunavutiwa na picha ya mwisho, ile ya mahasimu wawili wakishikana mikono, na kusahau kilichoitangulia. Kabla ya mkono kutolewa, malalamiko yalisikilizwa hadharani, kura zilijulikana, na aliyeshindwa alipewa heshima ya kutajwa.

Sasa tuitazame Dodoma ya Julai 2015. Makada zaidi ya 30 wa CCM walizunguka mikoani kutafuta wadhamini na kurudisha fomu. Kamati Kuu ilipitisha majina matano, na jina la Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu na mwenye wafuasi wengi miongoni mwa wajumbe, halikuwemo. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza mbele ya waandishi wa habari kujitenga na uamuzi huo, wakidai kwamba si majina ya waombaji wote yaliyoletwa mezani. Wajumbe wa Halmashauri Kuu waliimba mbele ya mwenyekiti wao kwamba wana imani na Lowassa. Hatimaye Mkutano Mkuu ulimchagua John Magufuli kwa kura 2,104, ushindi mkubwa usio na shaka dhidi ya Amina Salum Ali na Asha-Rose Migiro, lakini kura hizo hazikuweza kujibu swali ambalo wafuasi wa Lowassa walikuwa wakiliuliza, kwa kuwa mtu wao hakuwemo kwenye karatasi.

Tarehe 28 Julai Lowassa alijiunga na Chadema, na mwezi Oktoba akapata karibu asilimia 40 ya kura za urais akiwa mgombea wa Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani vikiwemo Chadema na CUF. Mpasuko wa CCM ukawa umehamia upinzani: Dkt. Willibrod Slaa, Katibu Mkuu wa Chadema, aliachana na siasa za chama, na Profesa Ibrahim Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF katikati ya maandalizi ya kampeni.

Wapo watakaosema kwamba jina la Lowassa halikupita mwaka 1995 pia, naye akabaki ndani ya chama. Ni kweli, lakini wakati huo alikuwepo Mwalimu Nyerere, ambaye neno lake lilitosha kunyamazisha vikao, na chama kinachotaka kudumu hakiwezi kuweka umoja wake mikononi mwa mtu wa aina hiyo, kwa sababu hazaliwi kila kizazi. Mwaka huohuo wa 1995 unatupa mfano bora zaidi, na ni wa kwetu wenyewe. Katika duru ya pili ya kura za kumpata mgombea urais wa CCM, Benjamin Mkapa alipata kura 686 na Jakaya Kikwete 639. Kikwete alikubali, akawa Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka kumi, na mwaka 2005 akapewa nafasi aliyoikosa. Wamarekani walikuwa bado hawajatuonyesha jambo hilo la Obama na Clinton.

Wala huku si peponi. Mwaka 2016 barua pepe zilizovuja zilionyesha viongozi wa Democratic wakimpendelea Clinton dhidi ya Bernie Sanders, mwenyekiti wao akalazimika kujiuzulu, na baadhi ya wajumbe wa Sanders wakatoka kwenye ukumbi wa mkutano mkuu mjini Philadelphia. Ninachokiheshimu ni kilichofuata: chama kiliunda tume iliyohusisha pande zote mbili, na mwaka 2018 kikawaondolea viongozi wenye kura za upendeleo, yaani wanaopiga kura kwenye mkutano mkuu kwa wadhifa wao bila kufungwa na matokeo ya majimbo, haki ya kuamua katika duru ya kwanza yenye ushindani. Waliolalamika waliona kanuni ikibadilika.

Hesabu ya wazi pekee haitoshi, na Chadema ni ushahidi. Januari 2025 Tundu Lissu alimshinda Freeman Mbowe katika uenyekiti kwa kura 513 dhidi ya 482, na Mbowe akampongeza mshindi kwa namna iliyonifanya nijivunie kuwa Mtanzania. Hata hivyo, kufikia Mei kundi la makada waliotofautiana na uongozi mpya lilikuwa limehamia chama kingine cha upinzani, Chaumma. Mshindi wa kura 31 ana deni kwa karibu nusu ya ukumbi, na deni hilo hulipwa kwa nafasi za uongozi na kwa kusikilizwa katika mambo makubwa ya msimamo.

CCM nayo inajua kurudisha watu: Lowassa alirejea Machi 2019, na Nchimbi, yule aliyepinga hadharani, alikuja kuwa Katibu Mkuu wa chama na kisha mgombea mwenza. Lakini Januari 2025 Mkutano Mkuu ulimpitisha mgombea urais kwa azimio, na swali la 2015 likabaki pale lilipokuwa. Kwa hiyo ombi langu kwa vyama vyote nyumbani ni kwamba aliyekatwa apewe sababu kwa maandishi na nafasi ya kujitetea kabla majina hayajaenda kikao kinachofuata, na kwamba idadi ya kura katika kila hatua, ikiwemo Kamati Kuu, itangazwe. Kanuni hizo ziandikwe mapema, kabla ya fomu za 2030 kuanza kutolewa, wakati hakuna anayejua ni jina la nani litakalokuwa mezani.