Mume Aliyefuata Mali: Hatari Iko kwenye Hati

Mwanamke mwenye nyumba za kupangisha akiolewa na kijana asiye na kazi ya kueleweka, mtaa unatoa hukumu kabla arusi haijaisha: huyo ni marioo, mwanamume anayelelewa na mwanamke. Binti maskini akiolewa na tajiri, mtaa huohuo unasema kapata bahati. Wanaotetea vijana hawa wanauona upendeleo huo, na wana hoja. Wazazi huuliza bila haya muoaji anafanya kazi gani. Kwa nini muoaji naye akipima uchumi wa mchumba aitwe mwenye tamaa?

Jibu ni kwamba wajibu wao haulingani. Nchini Tanzania, kifungu cha 63 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamtaka mume amtunze mke. Mke hubeba mzigo huo pale tu mume anaposhindwa kujitafutia riziki kwa sababu ya maradhi au majeraha ya mwili au akili. Katika Uislamu pia nafaqa, yaani matunzo ya mke, iko juu ya mume, hata kama mke anamzidi mali. Kwa hiyo mwanamume mzima wa afya anayeoa ili alelewe ameanza ndoa kwa kukwepa jukumu lake.

Hata hivyo, kukosa mtaji si kosa. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Hoja hiyo inamfaa pia mume anayesimamia duka la mkewe au kulea watoto wakati mke yuko safarini kufuata mzigo.

Wengi wanadhani cheti cha ndoa pekee kinampa mume nusu ya mali. Sivyo. Kifungu cha 58 kinasema ndoa haibadilishi umiliki, isipokuwa wenyewe wamekubaliana vingine. Kenya nako, Mahakama ya Upeo ilisema Januari 2023 kwamba hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja. Mchango lazima uthibitishwe.

Mali hupotea kwa njia nyingine. Ya kwanza, na mbaya kuliko zote, ni jina. Mke anatoa fedha za kiwanja, mume anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na muuzaji, mkataba unaandikwa kwa jina la mume kwa kuwa ndiye aliyesimama pale. Kifungu cha 60 cha sheria hiyohiyo ya Tanzania kinachukulia kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja ni ya huyo. Mke anaweza kupinga, lakini mzigo wa ushahidi unamwangukia yeye, na kama alilipa taslimu mkononi hana cha kuonyesha. Alipe kupitia benki, na jina lake liwemo kwenye mkataba siku hiyohiyo.

Njia ya pili ni ukarabati. Nyumba ambayo mke alikuwa nayo kabla ya ndoa inaweza kuingia kwenye mgawanyo chini ya kifungu cha 114 ikiwa mume ameiendeleza kwa kiasi kikubwa. Picha na tathmini ya kabla ya ujenzi, pamoja na risiti za saruji na nondo, ndizo zitakazoonyesha nani aliongeza nini.

Ya tatu ni mkopo. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, ndiyo maana fomu ya ridhaa huletwa nyumbani usiku ili mke aisaini kwa haraka. Marejesho yakikwama, benki inauza.

Kipimo changu kwa mwanamume ni hiki: anataka jina lake kwenye hati tu, au na kwenye deni pia? Anayekataa la pili kafuata mali. Na mume mwaminifu asiye na mtaji naye aweke daftari la mauzo na manunuzi anayosimamia, kwa sababu akifika mahakamani mikono mitupu, miaka kumi ya kufungua duka alfajiri itakuwa ngumu kuithibitisha.