Simba Asubiri, Tuanze na Vijidudu

Michezo mingi ya darasani kuhusu ikolojia, yaani jinsi viumbe wanavyotegemeana na mazingira yao, huenda hivi: mwanafunzi mmoja ni nyasi, wa pili swala, wa tatu simba, uzi unapita mkono kwa mkono, halafu mwalimu anaandika ubaoni "bakteria na kuvu huozesha" zikiwa zimebaki dakika 2 kengele ilie. Hapo mambo yamewekwa kichwa chini miguu juu. Kijana wa Gredi ya 8 anatoka akiamini kwamba simba ndiye mwisho wa safari. Kumbe mbuga ikikosa simba, nyasi bado zitaota. Ikikosa bakteria na kuvu, baada ya muda hakuna kitakachoota.

Hili huonekana vizuri likichezwa. Kusanya vifuniko 60 vya soda, vile vya plastiki, kwa maana vya chuma vina meno na hukata vidole watu wakisukumana. Kila kifuniko ni naitrojeni, kirutubisho ambacho mmea hukifyonza udongoni. Vyote vitie kwenye ndoo uliyoiandika UDONGO, na kando yake uweke karai uliloliandika MABAKI.

Darasa la wanafunzi 40 ligawe hivi: mimea 16, swala 8, simba 2, vijidudu (yaani bakteria na kuvu) 10 na makarani 4. Katika kila raundi, kila mmea huchukua kifuniko kimoja ndooni. Kila swala hula mmea mmoja na kuchukua kifuniko chake. Mimea 8 iliyosalimika hudondosha majani, yaani vifuniko vyake vinaingia karaini. Kila simba hukamata swala mmoja. Swala 6 waliobaki na simba wote wawili hutupa vyao karaini kama mavi. Karani akihesabu atakuta vifuniko 16. Sasa vijidudu huinuka, kila kimoja kikirudisha ndooni vifuniko visivyozidi 2, na ndoo inarudi kuwa na 60. Cheza hivyo raundi 3.

Kisha vijidudu vyote viketi. Ndoo itashuka hadi 44, halafu 28, halafu 12. Raundi inayofuata mimea 16 inapanga foleni mbele ya vifuniko 12, na minne inarudi mikono mitupu. Vifuniko 48 vimelundikana karaini, hatua mbili tu kutoka ndooni, na hakuna mmea wenye ruhusa ya kuvigusa. Mwalimu anyamaze hapo. Waache wabishane wenyewe kwa nini kuna njaa ilhali chakula kinaonekana.

Huharibika wapi? Kwanza kwenye kugawa nafasi: kila mtu anataka kuwa simba. Pigeni kura, na baada ya raundi 3 mbadilishane. Pili, vifuniko huingia mifukoni, hesabu haifiki 60 na hoja nzima inabomoka, kwa hiyo makarani wahesabu kila raundi kwa sauti. Tatu, walimu wengine huwaketisha "waliokufa" hadi mwisho, na kundi lisilo na kazi huzua kelele. Aliyekufa ahamie upande wa vijidudu hadi raundi iishe, maana hata kwenye udongo halisi mzoga ndio huwapa wao kazi. Tena usikubali fisi na tumbusi wa Mbuga ya Nairobi waitwe waozeshaji. Hao hula mzoga kama walaji nyama wengine. Kazi ya kuvunja mabaki hadi yawe chumvichumvi ambayo mzizi unaweza kuifyonza ni ya bakteria na kuvu.

Kosa kubwa kuliko yote, na hili nalisisitiza, ni kutumia vifuniko hivyohivyo kuonyesha nishati. Naitrojeni huzunguka, nishati haizunguki. Kwa nishati tumia maji na bomba la sindano kutoka duka la dawa: lita 1 ni nyasi, mililita 100 zinamfikia swala, 10 zinamfikia simba. Yaliyobaki mwagia nje, kwa kuwa ni joto lililopotea na hakuna kijidudu kitakachoyarudisha. Waambie kwamba asilimia 10 ni makadirio ya wastani, isije ikakaririwa kama sheria.

Muda ukiruhusu, ongeza ndoo ya tatu, HEWA. Karibu asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia jinsi ilivyo. Mmea mmoja uwe kunde, ufungiwe kamba mkononi na kijidudu kimoja, bakteria anayeigeuza naitrojeni ya hewa iweze kutumiwa na mmea, na wawili hao pekee waruhusiwe kuchota humo. Siku hiyo leta mche wa kunde uliong'olewa taratibu kwa jembe pamoja na udongo wake. Ukiuvuta kwa mkono, vinundu vya mizizini, makao ya bakteria hao, vinabaki ardhini. Pasua kinundu kwa wembe. Ndani kikiwa na rangi ya waridi, bakteria wake wako kazini. Kikiwa kijivu au kijani, hawako kazini.

Mchezo wa maambukizi ndio unaopendwa zaidi, na hasa kwa sababu hiyo uwe wa mwisho. Chemsha kijiko kimoja cha chai cha unga wa mahindi kwenye glasi ya maji, chuja, na acha upoe. Unga mbichi hauyeyuki, utatulia chini na kumtambulisha mgonjwa. Kikombe kimoja, cha mgonjwa, kiwe na maji hayo, vingine maji matupu yaliyotiwa tone la maziwa ili vyote vifanane. Kila mtu achanganye na wenzake watatu, mmoja baada ya mwingine: wawili wamimine pamoja, kisha wagawane nusu kwa nusu. Mwisho tia matone ya ayodini, dawa inayobadilika rangi ikikutana na wanga wa unga. Vikombe visivyozidi 8 vitageuka buluu nyeusi. Vikipungua, huenda wagonjwa walikutana wao kwa wao, au uji ulikuwa mwepesi mno, kwani kila mchanganyo na kikombe safi huupunguza nusu.

Mchezo huu ukitangulia, neno bakteria litashikamana na kipindupindu hadi mwisho wa muhula, na wiki ya vifuniko hakuna atakayetaka kuketi upande wa vijidudu.