Kuhamisha kijiwe cha bodaboda hakumvushi mtoto barabara

Kamati ya shule moja ya msingi katika Manispaa ya Mtwara Mikindani imependekeza kwamba pikipiki na bajaji zisisimame tena mbele ya geti, na kwamba kijiwe chao kihamie ng'ambo ya barabara, mita hamsini kutoka kilipo sasa. Wazazi wengi wamelipokea pendekezo hilo kwa furaha, na aliyewahi kupita pale saa 1:10 asubuhi hawezi kuwashangaa. Pikipiki zinageuza katikati ya watoto, honi hazikomi, na baadhi zimebeba mishikaki ya watoto watatu au wanne, begi la wa mbele likimziba uso wa nyuma. Magari binafsi yametajwa kwa sentensi moja tu, inayowaomba wenye nayo waegeshe kwa utaratibu.

Upande wa kamati una hoja zake, na nyingine ni za kisheria. Kanuni za pikipiki za biashara za mwaka 2010 zinakataza kubeba mtoto wa chini ya miaka tisa, kwa hiyo nusu ya abiria wanaoteremka getini hapo asubuhi hawakupaswa kuwa juu ya pikipiki hata kidogo. Iko pia hofu ambayo haikuandikwa lakini ndiyo iliyopigiwa makofi zaidi, ya vijana wa kijiweni kuwalaghai wasichana wa madarasa ya juu. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi ujauzito. Lakini hilo ni suala la mwenendo na la polisi, na kijana mwenye nia mbaya hazuiwi na mita hamsini. Tukilichanganya na suala la barabara, tutapata agizo linalowaridhisha watu wazima na kumwacha mtoto palepale alipokuwa.

Tuitazame barabara yenyewe. Mtwara ni mji uliochorwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa matarajio ya mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, na waliouchora waliamini kwamba ungekuwa mkubwa haraka, wakaacha barabara pana na zilizonyooka. Karanga hazikustawi, barabara zikabaki. Miongo kadhaa baadaye mradi wa miji ya kimkakati, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ukaleta lami katika mitaa mingi ambayo zamani mashimo yake yalikuwa yakifanya kazi ya matuta bila mtu kuyalipia. Upana na unyoofu, vikiongezewa lami, vinamfanya dereva aone kwamba mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria mjini, ni mwendo wa kusinzia. Upana huohuo unawawezesha wazazi kuegesha pande zote mbili na bado ikabaki njia ya kupita katikati, na hapo ndipo hatari inapozaliwa.

Nilisimama pale asubuhi tatu za juma lililopita. Noah nyeupe ilisimama upande wa kushoto kwa mtu anayetoka mjini, yaani upande usio wa shule, nyuma ya magari mengine matano yaliyokwisha kujipanga. Mtoto wa darasa la kwanza au la pili akateremka, akazunguka nyuma ya gari, akasimama kati ya Noah na gari lililofuata. Kimo chake hakikufika kwenye kioo cha nyuma. Ili aone kama kuna kinachokuja, ilimbidi atoe kichwa na mguu mmoja barabarani. Na dereva anayekuja hakuweza kumwona kabla ya mguu huo kutoka. Mama yake alikuwa bado kwenye usukani, akimpungia mkono kupitia kioo cha pembeni.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu nadhani pendekezo la kamati lingeandikwa vingine kama kuna mtu angeipiga kabla ya kikao. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja tangu aone kitu hadi mguu ukanyage breki, na breki nzuri kwenye lami kavu huhitaji mita nyingine kama 14 kulisimamisha gari. Jumla ni mita 28. Lile la kilomita 30 kwa saa hutumia mita nane hivi dereva akiwa bado anashtuka, na mita tano za breki, jumla mita 13. Kwa maneno mengine, mahali ambapo gari la kilomita 30 limekwisha kusimama kabisa, gari la kilomita 50 breki yake bado haijaguswa. Mtoto aliyechomoza mita 13 mbele ya gari la kwanza ataponea chupuchupu. Akichomoza umbali huohuo mbele ya gari la pili, atagongwa kwa mwendo ule ule wa kilomita 50. Hesabu hii haibadiliki kwa kuwa kijiwe kimehama.

Kwa hakika inazidi kuwa mbaya. Bodaboda anayetoka mjini na mtoto hufanya kosa ambalo trafiki angemwandikia: hukata barabara na kusimama upande wa kulia, mlangoni mwa geti, akiyaelekea magari yanayokuja. Ni kosa, na silitetei kama kanuni. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto hushukia kwenye mchanga wa upande wa shule, hatua nne kutoka getini, bila kuvuka chochote. Wengi wa waendeshaji hawa wamepatana na wazazi kwa mwezi, wanajua mtoto yupi ana pumu na yupi husahau daftari, na nilimwona mmoja akisubiri hadi mwalimu wa zamu ampokee abiria wake ndipo awashe pikipiki. Kijiwe kikihamia ng'ambo, watoto wote hawa wataongezwa kwenye idadi ya wanaochomoza kati ya magari yaliyoegeshwa. Tutakuwa tumeondoa fujo inayoonekana na kuongeza hatari isiyoonekana.

Naelewa kwa nini tunatazama vyombo kuliko barabara. Hakuna mzazi wa Mtwara aliyesahau Julai 26, 2022, hiace ya wanafunzi ilipotumbukia korongoni Mikindani na kuua watu wasiopungua kumi, wengi wao watoto. Tangu siku hiyo, usalama wa mwanafunzi kwetu umekuwa na maana ya kukagua gari na dereva. Ni sawa. Lakini wanaokwenda kwa miguu ni wengi kuliko wote, na hao hawana gari la kukaguliwa.

Njia nyingine ipo na imejaribiwa nchini. Shirika la Amend, linaloshughulikia usalama barabarani, liliweka matuta, vivuko na njia za miguu kwenye shule za msingi za Dar es Salaam, hata kuhamisha mageti yaliyofungukia pabaya, na utafiti uliofuatia ulikuta majeraha ya barabarani kwa wanafunzi yamepungua kwa karibu asilimia 26. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa mwaka 2019. Tuta kwenye mtaa wa mjini ni kazi ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, na kamati haiwezi kulijenga, ingawa inaweza kuliomba kwa barua. Kinachowezekana kesho asubuhi, bila senti ya mtu, ni kukataza magari kuegeshwa pande zote mbili kwa nusu saa ya kuingia na nusu saa ya kutoka. Wenye magari watalalamika kwamba watoto watatembea juani. Ni wajumbe wenye sauti kikaoni, tofauti na waendesha bodaboda, ambao hawakualikwa.

Kwa hiyo, pendekezo likirudi mezani, ningelirekebisha mahali pachache. Panaposomeka pikipiki na bajaji, pasomeke chombo chochote chenye injini, na mita hamsini zibaki kama zilivyo, zikipimwa kutoka getini kuelekea pande zote mbili. Kisha iongezwe ruhusa moja: kwenye ule mchanga wa upande wa shule, uliopo baada ya mtaro, bajaji, pamoja na pikipiki yenye abiria mmoja aliyefikisha miaka tisa, ziteremshe na kuondoka, pasiwepo kijiwe cha kusubiri. Walio chini ya umri huo wapande bajaji au washikwe mkono. Na yule mama wa Noah aegeshe mbali zaidi, azime gari, ashuke.