Kesi kibao kwenye logibuku, na mkono je?

Rezidenti wa upasuaji, yaani daktari anayesomea ubingwa, apandishwe mwaka kwa kuangalia nini hasa, idadi ya kesi (operesheni) alizofanya au jicho la bosi anayemsimamia? Wengi wanajibu fasta "vyote", haya, sasa vikigongana?

Namba kwanza. COSECSA, kile chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa 1999, ofisi yake iko Arusha lakini hakina kampasi, unasomea kwenye hospitali zenye kibali chao, miaka 2 unatafuta MCS, ile hatua ya kwanza, na general surgery (upasuaji wa jumla) ukikaza jumla ikifika miaka 5 unapata FCS, ubingwa wenyewe, na njia nzima kesi zako unaziingiza kwenye logibuku, rekodi ya operesheni ulizofanya. Marekani wana kiwango kabisa, general surgery kesi 850 ndo umalize. Mi naipenda namba kwa sababu moja, haina shemeji. Bosi akikuchukia hawezi kufuta ngiri ulizokwisha shona.

Ila sasa. Nimewahi kusimama thieta, kesi ya ngiri, rezidenti wa mwaka wa pili kafungua vizuri tu, kufika kwenye kifuko cha ngiri mkono ukaanza kusita, konsaltanti, bosi bingwa anayemsimamia, hakusema neno, akanyoosha kiganja akapewa mkasi, kamaliza kila kitu akamwachia kijana ashone ngozi. Jioni logibuku inasoma kafanya mwenyewe, bosi akiwepo. Hata sio uongo sana, mwanzo wake na mwisho wake, ila ile katikati ndo operesheni yenyewe!

Ndo maana American Board of Surgery, bodi inayothibitisha wapasuaji Marekani, tangu Julai 2023 wameleta EPA, yaani baada ya kesi bosi anajaza kwenye simu, huyu kwa kazi hii namwamini kiasi gani, bado wa kushikiwa mkono au naweza kukaa chumba cha pili nikanywa chai. Wazo zuri sana. Kwetu lakini konsaltanti huyohuyo ana wodi, kliniki, thieta na wanafunzi, kwa hiyo fomu za namna hiyo zinarundikana mpaka rotesheni (muda wa rezidenti kwenye kitengo) inaisha, zinajazwa zote mchana mmoja na kila mtu "vizuri". Na penye bosi mmoja tu, ukimbishia wodini hata kama una hoja unaitwa huna adabu, na adabu inageuka maksi ya upasuaji. Tena nani atathubutu kumrudisha mtu mwaka wakati ndo huyo anayebeba zamu za usiku?

Hata hivyo mi naegemea upande wa jicho, mradi yawe macho mengi na fomu ijazwe siku hiyohiyo damu haijakauka kwenye gloves. Sista wa thieta anayekabidhi vifaa kila siku anajua fika nani mkono umetulia na nani akiona damu anaanza kufokea watu, ila sijawahi kuona fomu yenye nafasi ya jina lake.