Jina la faili: ulikate kwa mkono au uiachie fankisheni?

Mama mmoja wa masjala, kwenye ofisi fulani hapa Dodoma, aliniita siku ya kwanza tu ya programu niliyomtengenezea. Programu yenyewe ni ndogo: anabonyeza kitufe, anachagua barua iliyoskaniwa, inaingia kwenye orodha. "Mwanangu, nimeweka barua tano na zote zinaitwa C Users. Ile ya Kongwa iko wapi?"

Nikasogea kuangalia. Safu ya orodha ilikuwa nyembamba, nami nilikuwa nimemwaga humo njia nzima ya kila faili, yaani anwani yake yote ndani ya kompyuta. Njia huanza na mambo yasiyomhusu: draivu, Users, jina la akaunti, Documents. Jina analolijua yeye linakaa mwisho kabisa, kule ambako safu ilishaishia. Barua tano, mwanzo mmoja.

"Nipe dakika mbili, mama." Nikaandika kwenye C#, lugha ya kuandikia programu:

njia.Substring(njia.LastIndexOf('\\') + 1)

Yaani tafuta slashi ya nyuma iliyo ya mwisho, ruka hatua moja, chukua kilichobaki. Ikakubali. Mama akaridhika, chai ikaja. Kijana ninayefanya naye kazi, aliyemaliza chuo juzijuzi, ndiye aliyekunja uso. "Kaka, kwa nini unakata kwa mkono na Path.GetFileName ipo?" Hiyo ni fankisheni, kipande cha programu kilichokwisha tengenezwa ndani ya C#: unaipa njia, inakurudishia jina la faili.

Nilimjibu kwa mkato siku ile. Leo nalijibu swali lake kwa nafasi, maana linastahili.

Mkono una hoja zake. Njia ya faili ni maandishi tu. Kuyakata hakuhitaji diski wala ruhusa ya mtu, na anayeanza akiandika mstari ule mwenyewe anaelewa hilo haraka. Mstari una hata bahati yake: slashi isipopatikana, LastIndexOf inarudisha -1, ukijumlisha 1 unapata 0, na jina linatoka zima bila programu kuanguka. Waliopitia VB (Visual Basic, lugha ya zamani ya programu za Windows) wanajua tulikotoka. InStrRev, fankisheni ya kutafuta herufi kuanzia mwisho, ilikuja na VB6 mwaka 1998. Kabla ya hapo ulikuwa unarudi kinyumenyume kutoka herufi ya mwisho, ukichomoa herufi moja moja, Mid$ baada ya Mid$, mpaka ukutane na slashi. Kwa mtu wa enzi hizo, kumaliza kazi kwa mstari mmoja ni anasa.

Wapo waliokwepa safari hiyo kwa kutumia Dir$, fankisheni ya VB ya kutafuta faili, kwa kuwa inarudisha jina bila folda. Hiyo kwangu ndiyo mbaya kuliko zote. Dir$ inakwenda kuuliza diski kama faili lipo. Chomoa flashi uone: jina linapotea au programu inatoa kosa, wakati ulichotaka ni kusoma maandishi ambayo tayari unayo.

Ubovu wa kukata kwa mkono huchelewa kujitokeza. Mstari wangu unaijua slashi moja, na Windows inazikubali mbili. Chanzo ni cha zamani. MS-DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, mwanzoni haikuwa na folda, na slashi ya mbele ilishapewa kazi ya kutanguliza chaguo za amri, kama ile DIR /W wanayoikumbuka waliotumia DOS. Folda zilipoingia na toleo la 2.0 mwaka 1983, ikabidi itafutwe alama nyingine, ikachukuliwa slashi ya nyuma. Ile ya mbele nayo mfumo unaielewa. Kwa hiyo programu nyingine inaweza kukuletea D:/Masjala/2019/Barua.pdf, Windows ikalifungua faili bila kinyongo, huku mstari wangu ukirudisha njia yote kana kwamba ndilo jina. Kuna pia C:Barua.pdf, njia halali isiyo na slashi hata moja, yenye maana ya faili lililo kwenye folda ya sasa ya draivu C. Mkato wangu unaiacha hivyo hivyo. GetFileName, ikiwa kwenye Windows, inajua kukata hata kwenye nukta mbili.

Na sisi tuna nafuu ya herufi zetu. Katika Shift-JIS, utaratibu wa kuhifadhi herufi za Kijapani kwa namba, herufi 表 ni baiti mbili, na baiti ya pili ni 5C, namba ileile ya slashi ya nyuma. Programu iliyotafuta slashi baiti kwa baiti ililipasua jina katikati ya herufi. Kiswahili hakijatuletea balaa hilo.

Mpaka hapo kijana ameshinda, na kweli nilibadilisha mstari. Kisha ikaja kazi ya pili.

Tangu 2016, Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi, miaka zaidi ya 40 baada ya uamuzi wa 1973, kazi nyingi ninazoletewa ni za kuhamisha: orodha iliyotengenezwa kwenye mashine hii isomeke kwenye ile. Ofisi moja iliamua orodha yake ikae kwenye seva ya Linux, mfumo tofauti na Windows. Tukapeleka programu ileile ya C#, na GetFileName yake ndani. Ripoti ya kwanza kutoka, safu ya majina imejaa D:\Masjala\2018\hiki, D:\Masjala\2018\kile. Fankisheni haikukata chochote.

Wala haikukosea. Windows inakataza slashi zote mbili ndani ya jina la faili, na mama wa masjala anaijua sheria hiyo kuliko mimi: kumbukumbu namba za barua za serikali zimejaa slashi, naye kila akitaka kuhifadhi barua kwa namba yake inabidi aweke vistari. Linux inakataza ya mbele tu. Huko slashi ya nyuma ni herufi kama herufi nyingine, inaruhusiwa kuwa sehemu ya jina. Kwa hiyo GetFileName ilipokutana na D:\Masjala\2018\hiki ikaona jina moja refu, la ajabu, lakini halali. Fankisheni hufuata kanuni za mashine inayoendesha programu. Haina namna ya kujua njia iliandikwa kwenye mashine gani.

Hapo ndipo naachana na wanaosema "tumia iliyopo" wakakomea hapo. Python, lugha nyingine ya programu, imelifikiria hili vizuri zaidi: tangu toleo la 3.4 ina pathlib, mkusanyo wa zana za njia za faili, na ndani yake PureWindowsPath, ambayo hukata kwa kanuni za Windows hata ukiwa kwenye Linux. Unaitamkia kanuni ya nani itumike. Kwenye C# sikupata mlango kama huo ndani ya Path, nikarudi kwenye mkono, safari hii kwa LastIndexOfAny yenye slashi zote mbili, na maelezo ya mistari miwili juu yake ili atakayekuja baada yangu asiifute akidhani ni uzembe.

Isitoshe, hizo zilizopo zenyewe hazipatani. Mpe kila mmoja njia inayoishia na slashi, D:\Masjala\2019\ au mfano wake. GetFileName inarudisha patupu: slashi ya mwisho kwake ina maana hii ni folda, faili halijatajwa. os.path.basename ya Python nayo patupu. pathlib, ya Python hiyohiyo, inakupa 2019. Amri ya basename ya Unix nayo inakupa 2019. Kila moja ina sababu zake, na anayehama kutoka moja kwenda nyingine bila kusoma atakuja kushangaa safu tupu.

Kiambishi cha mwisho, ile .pdf, kina kisa chake kidogo. GetFileNameWithoutExtension hukata kuanzia nukta ya mwisho. Faili likiitwa "Kumb. Na. AB-12" na mtu akasahau .pdf, unabaki na "Kumb. Na". Nimeliona kwenye skrini ya mteja, mistari kumi na kitu yote inaitwa Kumb. Na.

Basi msimamo wangu: njia iliyozaliwa kwenye mashine hiyohiyo inayoisoma, iachie fankisheni, usijifanye fundi. Njia iliyosafiri, taja kanuni za kwao. Lugha ikikosa nafasi hiyo, kata mwenyewe ukiwa macho. Na popote ulipo, hifadhi njia nzima, jina likatwe wakati wa kuonyesha tu.

Hili la mwisho sikulifikiria mwenyewe. Wiki ya pili mama aliniita tena. Orodha sasa ilikuwa safi, majina yanasomeka, na katikati yake mistari miwili inafanana herufi kwa herufi: Barua ya likizo.pdf, Barua ya likizo.pdf. "Sasa mwanangu, ipi ya mwaka jana?"

Moja ilitoka folda ya 2018, nyingine ya 2019, na mimi ndiye niliyekata kilichozitofautisha. Njia nzima ilikuwa bado ipo kwenye hifadhidata, kwa bahati zaidi kuliko akili. Nikaongeza safu ya pili: GetDirectoryName inaondoa jina la faili, kisha GetFileName inapewa kilichobaki na kurudisha kipande chake cha mwisho, 2018. Fankisheni ya jina la faili inakata jina la folda na haiulizi kitu. Mama aliipa safu hiyo jina la "Jalada", na ndivyo ilivyoandikwa mpaka leo.