Ganzi ya mtoto wa jicho: retina huumizwa na dawa au na sindano?

Mgonjwa aliyetolewa mtoto wa jicho, kisha akaanza kuona ukungu wiki kadhaa baadaye, huwa tayari ana mshtakiwa wake: sindano ya ganzi aliyochomwa kando ya jicho. Shtaka hilo si la kupuuzwa, ila linachanganya dawa yenyewe na njia ya kuifikisha.

Lidokeini, dawa ya ganzi, ikidungwa nyuma ya jicho huifikia neva ya kuonea, na wapo wagonjwa wasioona hata mwanga kwa saa kadhaa. Hali hiyo inatisha, lakini ni neva iliyolala, si retina (utando wa ndani nyuma ya jicho unaopokea mwanga) iliyokufa, na nuru hurudi ganzi inapoisha. Ukungu wa wiki ya nne hadi ya sita, kwa upande mwingine, mara nyingi hutokana na uvimbe wa makula, sehemu ya katikati ya retina, ambao daktari wa macho Irvine aliueleza mwaka 1953. Chanzo chake ni mwasho unaoachwa na upasuaji, na mwenye kisukari huupata kwa urahisi zaidi. Kuibebesha ganzi lawama hiyo ni kuionea.

Sindano ni habari nyingine. Jicho la kawaida lina urefu wa milimita 23 au 24 hivi, ilhali la mtu asiyeona mbali huweza kuzidi 26, likiwa na ukuta mwembamba ambao pengine umetuna kwa nyuma, kiasi kwamba ncha ya sindano inaweza kuutoboa na kuichana retina. Damu nayo ikivuja nyuma ya jicho, shinikizo hupanda hadi kuubana mshipa unaoilisha retina. Ajali hizi ni nadra, lakini hasara yake huenda isirudishike. Urefu huo hupimwa kabla ya upasuaji ili kuchagua lenzi ya kupandikiza, na sioni kwa nini namba hiyohiyo isisomwe na anayeshika sindano.

Je, matone ya ganzi peke yake yatoshe? Yanaondoa hatari ya kutoboa, lakini jicho hubaki likicheza. Mgonjwa asiyesikia vizuri, au mwenye hofu, akilikaza ghafla, kifuko cha lenzi huweza kupasuka na ute wa ndani ukasogea mbele ukiivuta retina, na retina ikabanduka hata miezi baadaye. Isitoshe, upasuaji wa kumtoa mtoto wa jicho kwa mkono kupitia kidonda kidogo, unaofanywa sana Afrika Mashariki, hugusa zaidi tishu za jicho, hivyo matone mara nyingi hayatoshi.

Kwa jicho refu ningechagua mrija butu unaopitisha ganzi chini ya utando wa jicho, ingawa nao unadai mkono uliozoea. Mtoto wa jicho aliyekomaa huvishinda vipimo vya mwanga, urefu ukalazimika kupimwa kwa mawimbi ya sauti, njia isiyo sahihi kama ile ya mwanga. Kwa hiyo mgonjwa aliyevaa miwani mizito ya kuona mbali tangu ujanani na aitaje mapema, kabla hajalazwa mezani.